Uzi: Kuanza kujifunza na kujenga kwa akili mnemba kwa sisi wa Lamu na Malindi

Mwanzisha uzi, Lamu

Assalaam aleikum ndugu zangu, na salamu kwenu nyote mlio katika mwambao wetu na kwingineko.

Vijana wa hapa mjini, na hata watu wazima wenye biashara zao, wamekuwa wakiniuliza swali moja: mtu ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu aanzie wapi kujifunza akili mnemba, na afanye nini ili aweze kujenga kitu chake mwenyewe? Wengi wao wameshatafuta mtandaoni, wakakutana na orodha ndefu za kozi, lugha za programu na majina ya kampuni, wakachoka kabla hawajaanza. Naomba niweke hapa ninavyoona mimi, kisha tujadiliane, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba jambo hili linatuhusu sisi wa pwani sawasawa na linavyowahusu watu wa Nairobi.

Rai yangu ni hii: anza na kazi ndogo ambayo majibu yake unaweza kuyahakiki wewe mwenyewe kwa ujuzi ulio nao tayari. Kozi zitafuata, lugha ya programu itafuata, lakini kazi hiyo itangulie. Muuza samaki hamuulizi mtu kama huyu ni changu au ni tafi. Mwenye nyumba ya wageni Shela anayajua maswali ambayo wageni huuliza kila msimu, na anayajua majibu yake sahihi. Fundi wa majahazi wa Matondoni huutazama ubao akajua unafaa wapi. Ujuzi huo ndio mtaji wa anayeanza, na ni mtaji ambao mhandisi aliyeko California hana.

Sababu yake iko katika namna mashine hizi zinavyofanya kazi. Katika programu za kawaida mtu huandika kanuni, na kompyuta hufuata kanuni hizo hatua kwa hatua. Katika akili mnemba ya leo, kompyuta hupewa mifano mingi. Hukisia jibu, hupimwa imekosea kwa kiasi gani, hubadilisha kidogo namba zilizo ndani yake, kisha hukisia tena, na hurudia hivyo mara nyingi sana mpaka makosa yapungue. Programu iliyofunzwa hivyo ndiyo huitwa modeli. Hata modeli kubwa za lugha zinazozungumzwa kila mahali tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, ambazo nyingi zimejengwa juu ya muundo wa transfoma uliotangazwa na watafiti wa Google mwaka 2017, hufunzwa kwa kukisia kipande cha neno kinachofuata katika maandishi. Matokeo yake ni kwamba modeli hutoa jibu lenye sura nzuri hata pale ambapo si kweli, na haibadilishi sauti yake inapokosea. Anayeweza kuligundua kosa ni yule anayelijua jambo lenyewe. Ukianza na jambo usilolijua, hutaweza kujua kama umefaulu.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi, daftari la dikoni. Karibu kila mahali samaki wanaposhushwa, kuanzia Kizingitini hadi Malindi, kuna mtu mwenye daftari, awe karani wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia diko) au mchuuzi mwenyewe. Ukurasa wake huwa na mistari ya namna hii: "Jumanne, changu 14, tafi 6 na nusu, bei 300, mashua ya Ami." Mstari huo unamtosha aliyeuandika, lakini kompyuta haiuelewi. Jumanne ya tarehe gani? Hizo 14 ni kilo au ni samaki? Bei ni ya kilo ya changu, ya tafi, au ya mchanganyiko? Kazi ya kwanza ya kujenga kwa akili mnemba, ambayo hakuna kozi inayoisifu inavyostahili, ni kuugeuza mstari huo uwe safu ya jedwali: tarehe kamili iliyoandikwa kwa mtindo mmoja daima (kwa mfano 2025-06-03, ili mwezi na siku zisichanganywe), aina ya samaki kwa tahajia moja, kilo, bei ya kilo, na kama ni msimu wa kusi au wa kaskazi. "Changu", "chngu" na "Changuu" kwa kompyuta ni samaki watatu tofauti.

Kuna jambo moja hapo ambalo naomba mlishike. Siku isiyo na kitu katika daftari inaweza kuwa na maana mbili: ama bahari ilichafuka na hakuna mashua iliyotoka, au samaki walishushwa lakini mwandishi hakuwepo. Ya kwanza ni sifuri ya kweli. Ya pili ni pengo. Ukizichanganya, modeli yoyote utakayoifunza baadaye itaamini kwamba bahari yetu haina samaki siku ambazo karani alikwenda harusini. Mtu wa nje hawezi kuzitenganisha siku hizo, lakini karani anaweza kwa kukumbuka, kwa kumuuliza nahodha, au kwa kutazama kama ilikuwa katikati ya kusi.

Baada ya hapo ndipo kozi zinapokuwa na faida, kwa sababu kila unachofundishwa una pa kukitia. Chuo Kikuu cha Helsinki kimetoa tangu mwaka 2018 kozi ya bure iitwayo Elements of AI, ambayo sehemu yake ya kwanza haihitaji kuandika programu. Tovuti ya Kaggle ina masomo mafupi ya bure ya lugha ya Python na ya kufunza modeli. Hayo mawili yanatosha kwa kuanzia, na sishauri mtu aongeze la tatu kabla hajafanya kazi na jedwali lake mwenyewe.

Mchangiaji, Malindi

Ahsante sana ndugu yangu kwa maelezo haya. Mimi ni msichana ninayemsaidia mama yangu mdogo katika biashara ya samaki hapa Malindi, na daftari unalolisema tunalo, tena ni zaidi ya moja. Taabu yangu ni kwamba sina kompyuta, nina simu tu, na bando ninanunua kwa kipimo. Je, naweza kweli kuanza? Pia nimesikia kwamba programu za mazungumzo kama ChatGPT zinaweza kusoma picha ya ukurasa na kuandika jedwali zenyewe. Je, nifanye hivyo, au ni lazima niandike kwa mkono mwaka mzima wa mauzo?

Mwanzisha uzi, Lamu

Dada yangu, karibu sana, na simu inatosha kwa hatua hizi za mwanzo. Jedwali unaweza kuliandika katika Google Sheets hata ukiwa nje ya mtandao, likajihifadhi utakapounganishwa. Kwa kujifunza Python kuna programu ya Android iitwayo Pydroid 3, ambayo huendesha msimbo wako, yaani mistari ya programu uliyoandika, ndani ya simu yenyewe, bila bando. Utakapohitaji nguvu zaidi, Google Colab, huduma ya kuandika na kuendesha Python mtandaoni, hufunguka katika kivinjari, na hesabu zote hufanyika kwenye mashine za Google, kwa hiyo simu yako hubeba maandishi na matokeo tu. Sitakuficha kwamba kuandika msimbo kwenye kioo cha simu ni taabu. Ukipata kompyuta ya kuazima hata kwa saa chache kwa wiki, iwekee kazi ya Colab, na kazi ya jedwali iache kwenye simu. Colab ya bure hukatika ukiiacha bila kuitumia, kwa hiyo hifadhi faili zako katika Google Drive kila unapomaliza hatua.

Kuhusu picha za kurasa, ndiyo, modeli za sasa zinaweza kusoma maandishi ya mkono na kuyapanga katika jedwali, na kazi hiyo inafaa sana kwa anayeanza, kwa sababu ukurasa wa asili uko mbele yako na unaweza kulinganisha. Usilinganishe kwa kutupa jicho tu. Iambie ikuandikie jumla ya kilo za kila ukurasa, nawe ujumlishe mwenyewe kutoka katika daftari. Jumla zikitofautiana, kuna mstari uliosomwa vibaya, na mara nyingi ni moja iliyosomwa kuwa saba au nusu iliyoachwa. Tena iagize kwa maneno haya au yanayofanana nayo: pale usipoweza kusoma, andika alama ya kuuliza, usikisie. Haitatii kila mara, lakini makosa yatapungua.

Kabla ya kutuma picha yoyote, tazama kilichoandikwa pembeni. Madaftari yetu yamejaa majina ya manahodha, namba za simu, na nani anadaiwa kiasi gani. Hayo si yako peke yako kuyatuma kwa kampuni ya nje. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hapa Kenya inamtaka anayeshughulikia taarifa za watu awe na sababu halali, kama vile ridhaa yao, na azitumie kwa lengo walilolijua. Hata tukiiweka sheria kando, deni la mtu ni siri yake. Funika sehemu hiyo kwa karatasi kabla ya kupiga picha, na katika jedwali mpe kila nahodha namba badala ya jina.

Mchangiaji, Mokowe

Nimefuatilia kwa makini, na naomba kutofautiana nanyi kwa heshima. Zama zimebadilika. Programu za mazungumzo sasa zinaandika msimbo zenyewe, na mtu anaweza kuomba kwa Kiswahili akapewa programu nzima. Kwa nini basi tumwambie kijana apoteze miezi akijifunza Python, ilhali angeweza kuanza kujenga leo? Naona ushauri huu unawarudisha watu nyuma.

Mwanzisha uzi, Lamu

Ndugu yangu wa Mokowe, hoja yako ni nzito, na nakubaliana na nusu yake. Sioni sababu ya mtu anayeanza kuhifadhi kila amri kichwani. Mimi mwenyewe ningemshauri aiombe programu ya mazungumzo imwandikie msimbo wa kufungua jedwali lake na kuchora grafu ya bei, tena aiombe leo hii. Nusu nisiyokubaliana nayo ni ile ya kutoweza kuusoma msimbo uliopewa.

Rudi kwenye yale mapengo niliyoyaeleza. Ukiiomba modeli ikupe wastani wa samaki kwa siku, itakuandikia mistari michache iliyo safi na inayofanya kazi bila kasoro yoyote kuonekana. Ndani yake mara nyingi kutakuwa na mstari mmoja unaosema ama zifute safu zote zenye pengo, ama mahali penye pengo pajazwe sifuri. Mistari hiyo miwili hutoa majibu mawili tofauti. Ukijaza sifuri siku ambazo karani hakuwepo, wastani utashuka, na BMU inaweza kwenda kwa watu wa uvuvi ikalalamika kwamba samaki wamepungua, kumbe kilichopungua ni maandishi. Ukizifuta safu, utapoteza pia siku ambazo kilo zilijulikana lakini bei haikuandikwa. Uamuzi wa lipi lifanyike ni wa mtu anayelijua diko, si wa modeli, na mtu huyo hawezi kuamua asichokiona. Kwa hiyo ninachomtaka kijana ajifunze ni kusoma: mstari huu unafungua faili, huu unachuja, huu unajaza, huu unapanga kwa tarehe. Maktaba ya pandas, yaani mkusanyiko wa amri zilizokwisha kuandikwa, ambayo wengi hufanyia kazi za majedwali katika Python, ina amri nyingi, lakini zile ambazo mtu wa daftari atakutana nazo kila siku ni chache.

Mbinu ninayoipendelea ni hii. Chukua safu chache tu, labda tano, ambazo unaweza kuzikokotoa kwa kalamu. Endesha msimbo uliopewa juu ya safu hizo tano peke yake. Jibu la mashine likilingana na la kalamu, ongeza safu moja yenye pengo kwa makusudi, uone msimbo unafanya nini nayo. Kisha uiulize modeli ikueleze kila mstari kwa Kiswahili, nawe ulinganishe maelezo na ulichokiona kwa macho. Hapo utakuwa unajenga na kujifunza kwa wakati mmoja.

Mchangiaji, Kizingitini

Mimi ni kijana wa huku visiwani na ningependa kutengeneza programu ya simu inayotambua samaki kwa picha, iwasaidie wageni na wanunuzi wasiojua majina. Pia kuna wenzangu wanaouliza kama tunaweza kuitumia akili mnemba kujua kama bahari ni salama kesho. Nianzie wapi?

Mwanzisha uzi, Lamu

Kaka yangu, naomba nianze kujibu hilo la pili kwa sababu ni la uhai. Usiiulize programu ya mazungumzo kama bahari ni salama, na usimjengee mwenzako kitu kinachojibu swali hilo. Modeli ya lugha isiyounganishwa na vipimo vya leo haijui upepo wa leo wala bamvua la wiki hii, lakini itajibu vizuri kana kwamba inajua. Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na neno la nahodha mzoefu ndivyo vya kufuatwa.

Picha za samaki ni jambo jingine, na umechagua vizuri, kwa sababu utaona kosa papo hapo. Tumia Teachable Machine, ambayo Google iliitoa mwaka 2017 na ambayo haihitaji msimbo wowote. Unaipa picha za changu katika kundi moja na za tafi katika kundi jingine, unabonyeza, nayo inafunza modeli ndani ya kivinjari chako. Huenda ukajiuliza inawezekanaje picha chache zikatosha. Ni kwa sababu modeli ya ndani, iitwayo MobileNet, ilikwisha kufunzwa na mkusanyiko wa ImageNet wenye picha takriban milioni 1.3 za vitu vya aina 1,000, kwa hiyo inajua tayari kutambua kingo, rangi na maumbo. Wewe unaifunza hatua ya mwisho tu, ya kutenganisha samaki wako.

Kuna mambo mawili ambayo nakusihi uyajaribu kwa makusudi, kwa kuwa yatakufundisha zaidi ya saa nyingi za video. Kwanza, changu wako wote wakipigwa picha juu ya turubai la buluu, na tafi wote juu ya saruji, modeli inaweza kujifunza turubai na saruji badala ya samaki. Itakuonyesha asilimia nzuri ukiwa nyumbani, kisha ukiipeleka dikoni itavurugika. Mchukue tafi mmoja umweke juu ya lile turubai uone itasema nini. Dawa yake ni kuwapiga picha samaki wa kila aina mahali pote: kwenye turubai, saruji, ndani ya ndoo, mkononi mwa mtu, asubuhi na jioni, wabichi na waliokaa. Pili, mwonyeshe pweza. Modeli yenye makundi mawili haina namna ya kusema "simjui huyu". Itagawa asilimia mia baina ya changu na tafi, na yaweza kukupa tisini na kitu kwa changu. Asilimia ile ni mgawanyo baina ya majibu uliyoiruhusu, haisemi kama ina hakika na ukweli. Ongeza kundi la tatu la "wengine", ulijaze pweza, kamba, nguru, viatu na mchanga, na hata hivyo uendelee kuwa na tahadhari.

Tena weka kando picha kadhaa ambazo modeli haijawahi kuziona, na ikiwezekana ziwe za samaki wengine kabisa wa siku nyingine. Picha tano za samaki yule yule, mbili ukazifunzia na tatu ukazipimia, hazikuonyeshi kitu.

Mwalimu mstaafu, Lamu

Mwanangu, nimesoma yote na nimefurahi kwamba mnaandika kwa utulivu. Mimi si mtu wa samaki. Nina kanda na rekodi za simu za wazee wetu wakisimulia habari za bahari, za biashara na za ndoa za zamani, kwa Kiamu cha asili, na wengine kwa Kibajuni. Wengi wao wameshatangulia mbele ya haki. Kuandika masimulizi hayo kwa mkono kumenishinda kwa macho yangu. Je, mashine hizi zinaweza kuniandikia, na je, mtu wa umri wangu aanzie wapi?

Mwanzisha uzi, Lamu

Shikamoo Mwalimu. Naona kazi yako ina uzito kuliko zote zilizotajwa katika uzi huu, na naomba niijibu kwa uangalifu.

Zipo modeli zinazogeuza sauti kuwa maandishi. Mojawapo ni Whisper, ambayo kampuni ya OpenAI iliitoa mwaka 2022 ikiwa wazi kwa mtu yeyote kuipakua, na Kiswahili kimo ndani yake. Lakini tazama ilivyofunzwa: kati ya saa 680,000 za sauti ilizopewa, saa 117,000 tu ndizo zilizogawanywa baina ya lugha 96 zisizo Kiingereza, na mgawanyo huo haukuwa sawa kwa kila lugha. Kiswahili sanifu itakiandika kwa kiasi, ila kwa Kiamu ninahofia jambo moja hasa. Mzee akisema "ndia" au "nti", mashine iliyozoea sanifu inaweza kuandika "njia" na "nchi", au ikaweka neno jingine kabisa, na ukurasa ukasomeka vizuri bila kukuonyesha kwamba usemi wa mzee umepotea. Kwa mtu anayetaka kuhifadhi lugha, kosa la namna hiyo ni baya kuliko ukurasa uliovurugika, kwa kuwa ukurasa uliovurugika angalau hujulikana.

Kwa hiyo anza hivi, Mwalimu. Chagua dakika mbili za rekodi iliyo safi zaidi. Umwombe mjukuu aiendeshe Whisper katika Colab. Wewe usikilize dakika hizo hizo na umsomee jinsi inavyopaswa kuandikwa, neno kwa neno kama mzee alivyotamka. Kisha mhesabu maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, mgawanye kwa idadi ya maneno yaliyo katika maandishi yako sahihi. Ikiwa maandishi yako yana maneno 200 na makosa ni 50, mashine imekosea robo nzima. Ndicho kipimo ambacho watafiti wa taaluma hii hukitumia, na hakihitaji hisabati zaidi ya kugawanya. Robo ikikosewa, pengine bado utaokoa muda kwa kusahihisha badala ya kuandika upya. Nusu ikikosewa, huenda kuandika upya kukawa bora.

Zile dakika utakazokuwa umezisahihisha usizitupe. Sauti pamoja na maandishi yake sahihi ndiyo chakula ambacho modeli ya Kiamu ingehitaji, na kwa sasa chakula hicho ni adimu. Mradi wa Common Voice wa Mozilla umekuwa ukikusanya sauti za Kiswahili zinazotolewa kwa hiari na watu wa kawaida, na data zake hutolewa bure kwa yeyote. Jumuiya ya Masakhane, ya watafiti wa lugha za Afrika, ilitoa mwaka 2021 mkusanyiko wa maandishi ya lugha 10 za Afrika, Kiswahili kikiwemo, yaliyowekewa alama za majina ya watu, mahali, taasisi na tarehe. Kazi hiyo ilifanywa na wasemaji wenyewe. Mtu mwenye sikio kama lako anahitajika mno katika kazi za namna hiyo. Ila rekodi za wazee zina familia zake. Aliyesimulia habari za ndoa yake mbele ya kinasa sauti miaka hiyo hakuruhusu zisambazwe kwa dunia nzima, kwa hiyo zungumza na watoto wake kabla ya kupeleka popote, na kinachosahihishwa kibaki kwako mpaka mkubaliane.

Mwalimu mstaafu, Lamu

Marahaba mwanangu. Nitaanza na rekodi ya marehemu kaka yangu, kwa kuwa ruhusa yake naweza kuitoa mimi na wanawe.

Mchangiaji, Malindi

Nimerudi ndugu zangu. Jedwali la miezi ya mwanzo nimelimaliza, na jumla za kila ukurasa zinalingana na daftari. Kwa kweli mama mdogo amefurahi kuona bei zake zote mahali pamoja. Sasa ningependa kufunza modeli itabiri bei ya changu ya kesho, ili ajue anunue kiasi gani. Programu ya mazungumzo imenipa msimbo na inasema modeli imefanya vizuri sana. Nitajuaje kama ni kweli?

Mwanzisha uzi, Lamu

Hongera dada yangu, na swali lako ndilo swali lenyewe.

Kabla ya modeli yoyote, weka mshindani ambaye hagharimu kitu: bei ya kesho itakuwa sawa na bei ya leo. Huo ni utabiri kamili, na mama mdogo anautumia bila kuutaja. Upime hivi kwa mfano. Tuseme bei ya kilo Jumatatu ilikuwa shilingi 300, Jumanne 320, Jumatano 300 na Alhamisi 340. Mshindani wetu angesema Jumanne itakuwa 300, akakosea kwa 20. Jumatano itakuwa 320, akakosea kwa 20. Alhamisi itakuwa 300, akakosea kwa 40. Jumla ya makosa ni 80, ugawanye kwa siku 3, wastani ni takriban shilingi 27. Modeli yako ikipimwa katika siku zizo hizo ikakosea kwa wastani wa shilingi 35, haina faida, hata kama imesifiwa namna gani na programu iliyoiandika.

Pili, tazama msimbo umezigawa vipi siku za kufunzia na za kupimia. Amri iliyozoeleka katika scikit-learn, maktaba ya Python ya kufunzia modeli, huzichanganya safu zote kama karata kisha huchukua sehemu kwa ajili ya kipimo, isipokuwa umeikataza. Kwa picha za samaki inaweza kufaa, lakini kwa bei haifai kabisa, kwa sababu modeli itakuwa imeziona Jumanne na Alhamisi kabla ya kuulizwa Jumatano iliyo katikati yake, na dikoni hakuna anayepewa bei ya keshokutwa ili akisie ya kesho. Panga safu zako kwa tarehe, ufunze kwa miezi ya mwanzo, upime kwa miezi ya mwisho. Nadhani hapo ndipo sifa za modeli yako zilipotoka, na namba itabadilika utakaporekebisha.

Tatu, umesema ni miezi ya mwanzo tu. Ikiwa yote ni ya kaskazi, wakati bahari ni shwari na mashua nyingi hutoka, modeli haijawahi kuona kusi, wala bei zinavyopanda samaki wakiadimika. Isitumiwe kununulia samaki wa Juni mpaka uwe umeingiza kurasa za Juni. Kwa sasa itumie pembeni tu: kila jioni iandike utabiri wake katika safuwima moja, bei ya leo katika safuwima ya pili, na makisio ya mama mdogo mwenyewe katika ya tatu, naye ayatoe kabla hajaiona ya mashine. Ningetaka sana kujua yupi kati ya watatu hao atakosea kidogo zaidi.

Uweke hapa kile kipande cha msimbo kinachogawa safu, pamoja na safu chache za jedwali zisizo na majina ya watu, tukisome pamoja mstari kwa mstari. Na ndugu yetu wa Mokowe, nakuomba nawe uwepo, kwa kuwa macho yako yanahitajika hapo.